Kamati ya harusi ina orodha, maafa yana kundi la WhatsApp: tuwapangeje watu wa kujitolea hapa Mwanza?

Mkazi wa Bondeni (mleta uzi)

Ndugu zangu wanajukwaa,

Mvua ilianza saa tisa usiku, na ilipofika saa kumi na mbili asubuhi maji ya Mto Mirongo yalikuwa yameshaingia vyumbani kwa watu wa Mabatini wanaoishi karibu na mkondo. Sitaji mwaka, kwa kuwa wenyeji wa huku wanajua kwamba jambo hili halina mwaka mmoja. Saa moja nikafungua kundi la WhatsApp, nikawaunganisha majirani, vijana wa kijiwe cha bodaboda, wanakwaya wenzangu na watu niliosoma nao, nao wakaunganisha wenzao. Kufikia saa nne tulikuwa zaidi ya mia mbili, na mimi niliyekuwa admini nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Katikati ya asubuhi hiyo ukaingia ujumbe huu: "Jamani kuna bibi amenaswa chumbani nyuma ya msikiti, miguu haina nguvu, mwenye uwezo akimbie." Haukuwa na saa, wala jina, wala namba ya simu ya aliyeuandika kwanza. Makundi matatu ya vijana yalikwenda kwa nyakati tofauti, kila moja likivuka maji ya kiunoni, na yote yakakuta kitanda kitupu kilichoegemezwa ukutani, kwa sababu bibi alishabebwa mgongoni na mjukuu wake tangu saa mbili na wakati huo alikuwa anakunywa chai kwa binti yake Igoma. Ujumbe wenyewe uliendelea kusambazwa hadi jioni. Saa hizo hizo, ng'ambo ya mto, mama mmoja mwenye mtoto wa siku tisa alikuwa ameandika mara mbili kuomba mtu wa kumsaidia kuvuka. Maombi yake yalizama chini ya "poleni sana", picha za mawingu, na ujumbe wa sauti wa dakika nne wa mtu aliyekuwa Dodoma. Alifikiwa saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa mzima, lakini sijasahau namna mama yule alivyonitazama alipojua kwamba kundi lile lilikuwa langu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki ile ile nilikuwa mjumbe wa kamati ya harusi ya binamu yangu, ambayo nayo ilikuwa na kundi la WhatsApp, lenye watu wengi vilevile na wasumbufu vilevile, na mambo yake yalikuwa yamenyooka. Mweka hazina wetu, dada mmoja anayeuza vitenge Makoroboi, alikuwa na orodha yenye jina, ahadi, kilicholipwa na kilichobaki. Kila mchango ulipoingia aliirudisha orodha kundini ikiwa imesahihishwa. Mtu akiandika "nipo pamoja nanyi" bila kutaja kiasi, dada yule alimfuata faragha asubuhi yake na kumuuliza kwa upole, lakini bila kumwachia, ni shilingi ngapi na lini. Aliyemaliza aliwekewa tiki, na hakuna aliyedaiwa mara mbili.

Hoja yangu ni hiyo. Mtu anayesema "nipo, nitakuja kusaidia" ametoa ahadi, na ahadi isiyo na safu ya kutimizwa haimsaidii mtu. Ombi la msaada nalo ni lazima liwe na mwenye kulibeba na saa ya kufungwa. Kundi la WhatsApp peke yake linatuletea umati, na umati ndio uliokwenda mara tatu kwenye chumba kimoja.

Nimesoma kidogo kuhusu wenzetu waliokwishapita njia hii. Baada ya kimbunga Sandy kuipiga New York mwezi Oktoba 2012, watu wa kujitolea waliojiita Occupy Sandy walichukua huduma ya Amazon ya orodha ya zawadi za harusi, wakaorodhesha humo vitu vilivyohitajika hasa, na watu wa mbali wakanunua vitu hivyo badala ya kutuma nguo kuukuu. Nilicheka peke yangu nilipolisoma hilo, kwa sababu nilidhani wazo la harusi ni langu. Kule Christchurch, New Zealand, baada ya matetemeko ya Septemba 2010 na Februari 2011, wanafunzi wa chuo kikuu waliitana kwa Facebook, lakini kilichowawezesha kuzoa matope mitaani kwa maelfu yao ni kupangiwa nani aende mtaa upi.

Kuhusu chombo chenyewe, pendekezo langu ni la kizamani: ujumbe mfupi wa kawaida. Mtandao unapozidiwa, simu za kupiga hukatika na data hugoma, lakini ujumbe mfupi ni mdogo, husubiri kwenye mitambo ya kampuni hadi simu ya mpokeaji ipatikane, na unafika kwenye kitochi cha shilingi elfu ishirini. Menyu za nyota na reli zinafanya kazi kwenye kitochi pia, ila zinahitaji mawasiliano yasiyokatika tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu mwenye mikono iliyolowa hawezi kuanza upya mara tano. WhatsApp ibaki kwa picha na kwa viongozi wachache wa makundi. Orodha ikae kwenye lahajedwali moja linaloandikwa na watu wawili tu, na nakala yake ya karatasi iwepo.

Naomba mnikosoe, hasa ninyi wa visiwani na mialoni, kwenye fukwe za mitumbwi ya uvuvi.

Katibu wa Mwalo

Ndugu mleta uzi, nakusalimu kutoka Ukerewe. Umesema vizuri, ila umesema kama mtu wa nchi kavu, na utaniwia radhi kwa hilo.

Huku ziwani saa ya kwanza si ya simu. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko chetu, ilipopinduka ikikaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara, ikitoka Bugolora, waliofika kwanza ni wavuvi na watu waliokuwa ufukweni wakiitazama ikija. Waliona kwa macho yao, wakasukuma mitumbwi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, aliyejulikana nchi nzima ni kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyewahi kufika na kusaidia uokoaji. Watu 24 walitoka hai na 19 walifariki. Hakuna orodha iliyomwita. Kwa hiyo usije ukaandaa mfumo unaomtaka mvuvi asubiri ujumbe ndipo aondoke, kwa kuwa atakuwa anasubiri huku watu wanazama.

Teknolojia yako ina kazi kuanzia saa ya pili, na hapo ndipo tunapopata tabu kubwa. Mwaka 2018 uokoaji ulisimama usiku na kuendelea asubuhi. Fundi mitambo wa kivuko akatolewa hai tarehe 22, siku mbili baada ya ajali, kutoka katika sehemu yenye hewa. Fikiria siku mbili hizo kwa mtu wa mwaloni. Nani ana mtumbwi wenye injini inayowaka? Petroli ya kesho italipwa na nani? Nani amekula, nani yuko majini tangu alfajiri? Mvuvi wa kujitolea anachoma mafuta yake mwenyewe, na ile petroli ndiyo ingempeleka kwenye nyavu usiku, ndiyo ada ya mtoto. Anakwenda siku ya kwanza bila kuuliza, siku ya pili pia. Siku ya tatu mtumbwi unabaki ufukweni, na watu wa mjini wanasema wavuvi wamechoka moyo. Wamechoka tangi.

Kwa hiyo katika orodha yako ongeza safu ya mafuta. Mwenye kituo cha mafuta au muuza petroli wa mwaloni apewe majina na ukomo wa lita, yeye ajaze na kuandika, naye alipwe kwa lipa namba na mtu mmoja anayejulikana. Usimtumie kila nahodha fedha mkononi, maana utaleta ugomvi ambao hautaisha mwaka huo.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, na mwezi ukiwa mkubwa hupumzika. Orodha ya wenye mitumbwi iliyo sahihi wakati wa giza si sahihi wakati wa mbalamwezi. Siku za giza mitumbwi iko katikati ya maji, pengine jirani kabisa na ajali, lakini simu ziko ndani ya mifuko ya nailoni chini ya mbao za kukalia. Siku za mbalamwezi simu zinapatikana, ila injini nyingine ziko kwa fundi.

Kibodi

Mleta uzi na Katibu, nawashukuru kwa mada. Mimi ni kijana wa programu, naishi Nyegezi, na kwa kweli nilipoanza kusoma nilitaka kuandika kwamba jambo hili ni la programu ya simu ambayo ningeweza kuitengeneza kwa wiki tatu. Nimesoma hadi mwisho, nimejirudi kidogo, lakini sijarudi kabisa.

Lile tatizo la bibi wa nyuma ya msikiti ni maarufu. Katika mafuriko ya Kerala, India, mwezi Agosti 2018, wavuvi walisafirisha mashua zao kwa malori kwenda kuokoa watu wa bara, na watengeneza programu wa kujitolea waliendesha tovuti ya keralarescue.in ya kupokea maombi. Maombi yale yale yalisambazwa na watu wengi, mengine baada ya wahusika kuokolewa, na ikabidi watu wa kujitolea wakae kupiga simu moja moja kuhakikisha. Yaani kazi kubwa ya teknolojia haikuwa kukusanya maombi bali kuyachuja na kuyafunga. Kwa hilo programu inasaidia kuliko lahajedwali, kwa sababu inaweza kukuonyesha kwamba namba hii ya simu imeshaomba, au kwamba maombi manne yanatoka ndani ya hatua thelathini za mahali pamoja.

Hatuhitaji kubuni upya. Ushahidi, yenye jina la Kiswahili, ilizaliwa Kenya Januari 2008 kwa ajili ya kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani. Sahana, programu ya kuratibu misaada wakati wa maafa, ilitengenezwa na wataalamu wa Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004, na ina sehemu ya kuandikisha watu wa kujitolea. KoboToolbox inakuwezesha kujaza fomu simu ikiwa haina mtandao, kisha fomu zinajituma ukifika penye mnara, jambo linaloifaa Ukara kuliko WhatsApp. Na kwa ramani tuna mfano wa nyumbani: Ramani Huria ya Dar es Salaam, ambako wanafunzi na wakazi walichora mitaa inayofurika, nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji, kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora. Bonde la Mirongo linaweza kuchorwa hivyo kiangazi hiki.

Jambo moja zaidi kwa Katibu: simu janja hupata mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti hata bila bando wala mnara, kinachokosekana ni ile picha ya ramani tu. Nahodha akijua kusoma namba mbili za mahali alipo na kuzituma kwa ujumbe mfupi mtandao ukirudi, hatuhitaji "pale karibu na jiwe la mwewe".

Mkazi wa Bondeni (mleta uzi)

Katibu, nimekubali kukosolewa, na safu ya mafuta nimeshaiongeza. Ile ya mwezi imenifanya nikae kimya kwa muda. Nimezaliwa na kukulia ufukweni huu, na sikuwahi kuufikiria mwezi kuwa sehemu ya orodha.

Kibodi mdogo wangu, vyombo ulivyovitaja navikubali, ila angalia siku yenyewe itakavyokuwa. Programu ambayo watu hawakuwa nayo kwenye simu jana hawataipakua leo wakiwa kwenye maji. Naiona ikitumiwa na wale watu watatu au wanne wanaokaa mezani, siyo na mama mwenye mtoto mchanga. Yeye aandike au apige, wewe wa mezani ndiye uingize.

Na "jiwe la mwewe" usilidharau. Haiti mwaka 2010, baada ya tetemeko la Januari 12, watu walituma ujumbe mfupi kwa namba 4636 kwa Krioli yao, na Wahaiti waliokuwa nje ya nchi ndio waliotafsiri na kutambua mitaa iliyotajwa, kwa sababu mgeni hakuweza kujua ni wapi. Hapa kwetu bibi atazungumza Kisukuma, mwingine Kikerewe au Kijita, na atasema "kwa marehemu fulani, penye mwembe". Mezani awepo mtu anayemwelewa. Huyo ni mtaalamu kama wewe.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niingie upande ambao kaka zangu hamjaugusa. Nafanya kazi ya uuguzi jijini, na katika siku za ajali kubwa kazi inayotuelemea wodini mara nyingi ni ndugu wanaotafuta watu wao, kuliko hata majeraha yenyewe. Anakuja mtu na picha kwenye simu iliyopasuka kioo, anamwonyesha mlinzi, anamwonyesha mfagizi, anamwonyesha kila aliyevaa nyeupe. Ukimjibu kwamba hayupo hapa, anakwenda hospitali nyingine, kisha anarudi kwako jioni kwa sababu ameambiwa kwenye kundi kwamba jina lake "limeonekana".

Watu wa kujitolea wangeweza kutusaidia sana kwenye hilo, kwa meza moja yenye daftari la wanaotafutwa na daftari la waliopatikana, na mtu wa kuyalinganisha. Google walikuwa na huduma ya namna hiyo, Person Finder, waliyoianzisha baada ya tetemeko la Haiti, na Msalaba Mwekundu wamekuwa wakiunganisha familia kwa miaka mingi kabla ya intaneti kuwapo. Lakini tafadhali, orodha hiyo isiwekwe kundini. Nimeona majina ya majeruhi yakisambazwa na umri, kijiji na namba ya kitanda, na nimeona mama akijulishwa msiba na picha iliyotumwa na mtu asiyemjua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Hata bila sheria, kuna adabu. Ndugu aambiwe na mtu, uso kwa uso, akiwa amekaa.

Vilevile hao mia mbili wenu wa kujitolea mtakusanya nini kwao? Jina, simu, kazi anayoiweza na kama anajua kuogelea vinatosha. Namba ya kitambulisho cha taifa ya nini?

Mzee wa Kaunta Buku

Vijana, marahaba kwa mlionisalimu moyoni. Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa kwa miaka mingi kabla ya kupumzika, na nimesubiri nione kama kuna atakayetaja serikali ya mtaa. Hakuna aliyeitaja isipokuwa kwa kuipita pembeni.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji na mtaa. Kamati hiyo ya chini mara nyingi ni jina tu, hilo nakubali, haina hata tochi. Lakini ni yenyewe inayokaa meza moja na polisi na Zimamoto. Mnapofungua kundi saa moja asubuhi bila kumpigia hata mtendaji wa kata, Zimamoto wanaopokea simu ya 114 hawajui kwamba vijana wenu wako majini, na vijana wenu hawajui kwamba boti ya Zimamoto inakuja. Ndivyo watu wanavyogongana.

Mimi nilikuwa na kaunta buku. Kila nyumba, kila mgonjwa asiyeweza kutembea, kila mjamzito, na nani ana gari, nani ana ngazi, nani ana kamba. Maji yalipopanda nilipita na kalamu nyekundu. Aliyetolewa namkata, saa naiandika pembeni. Bibi yenu wa nyuma ya msikiti angekuwa amekatwa saa mbili. Nilipotoka ofisini nililikabidhi, na nasikia lilitumika kuandikia michango ya mwenge. Kijana Kibodi, kama unatafuta kitu cha kutia kwenye kompyuta, tafuta madaftari ya namna hiyo kabla hayajafungiwa maandazi.

Kibodi

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nije kukuona Jumamosi na laptopu. Safu za daftari lako ndizo nitakazozitumia zilivyo, na dada Muuguzi ndiye atakayesema ipi ionekane na nani.

Mkazi wa Bondeni (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Umenikamata, maana siku ile nilimpigia mtendaji saa nane mchana, na alikuwa ameshanitafuta mara mbili.

Natoa taarifa ya kilichofanyika tangu uzi huu uanze. Tumewaandikisha watu 46 wa mtaa wetu na wa mtaa jirani, mwenyekiti wa sasa na mtendaji wakiwa na nakala. Tulituma ujumbe wa jaribio Jumapili saa kumi na mbili jioni: "JARIBIO. Maji yamefika darajani. Jibu 1 kama unaweza kufika ndani ya nusu saa, 2 kama unaweza kesho, 0 kama huwezi." Waliojibu ndani ya nusu saa walikuwa 19. Namba saba hazikuwa za wenyewe tena. Mmoja alijibu "1" akiwa Shinyanga, na alipopigiwa alisema aliona aibu kuandika sifuri. Mweka hazina wetu wa harusi, ambaye sasa ndiye mshika orodha, alipiga simu kwa wote ambao hawakujibu, na kufikia saa tatu usiku alikuwa na jibu la kila mtu isipokuwa wanne.

Bibi yule naye ameandikishwa. Ameomba awekwe upande wa wanaotoa msaada, kwa kuwa ana jiko la mkaa na sufuria kubwa, na binti yake wa Igoma amethibitisha kwamba sufuria ipo.

Katibu, jaribio lijalo tungependa kulifanya na mwalo wako, usiku wa giza, ili tujue ni simu ngapi zitakazoita chini ya mbao. Naomba unitajie tarehe.

Katibu wa Mwalo

Mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka, nipe siku tano hivi. Nitakuandikia siku hiyo hiyo mchana, kabla mitumbwi haijaondoka, na petroli ya mtumbwi mmoja wa kuzungukia itakuwa juu yenu.

Mkazi wa Bondeni (mleta uzi)

Lita ngapi? Niandike.